"Kanisa limeshakubali": yanayosemwa kuhusu Pride kutoka Masasi hadi Mtwara mjini

Kila Juni magrupu ya kwaya na ya wazazi, kuanzia Masasi mpaka Mtwara mjini, hujaa klipu za sherehe za Pride, yaani maandamano ya mashoga na wanaowaunga mkono huko ng'ambo: ngoma, bendera za rangi, na katikati ya umati padre na kola yake. Maneno chini ya klipu hayabadiliki: "Kanisa limeshakubali." Kanisa lipi, na aliyekubali ni nani, haulizi mtu.

"Uingereza wakibariki, na sisi Waanglikana wa huku tumeshaburuzwa."

Hapana. Askofu Mkuu wa Canterbury anapewa heshima ya mkubwa wa familia, lakini hana amri juu ya Kanisa Anglikana Tanzania, jimbo linalojitegemea tangu 1970. Hata huko kwao, kilichoanza Desemba 2023 ni sala za kuwaombea wapenzi wa jinsia moja ndani ya ibada za kawaida. Ndoa zao Kanisa la England halifungishi. Huku kwetu, Desemba 2006 maaskofu Waanglikana wa Tanzania walitangaza kwamba hawatapokea, kwa kujua, fedha wala msaada kutoka kwa dayosisi, parokia na watu wa Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wa Marekani, wanaounga mkono uhusiano huo. Kwa makanisa ya kusini, ambako bati na kisima mara nyingi vina mkono wa rafiki wa ng'ambo, hilo halikuwa tamko la kupamba karatasi.

Tena Masasi si watu wa kubebwa tu. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, alilikuta jando limeshika mizizi. Hakulipiga marufuku kama wamisionari wengi wa enzi zake. Lilitiwa sala na mafundisho ya Kikristo, likaendelea. Unaweza kumsifu au kumlaumu, ila mambo ya mwili na mila yamejadiliwa huku kabla wengi wetu hatujazaliwa.

"Papa Fransisko aliruhusu ndoa za mashoga."

Tamko la Vatikani la tarehe 18 Desemba 2023, Fiducia supplicans, linasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, basi. Liliruhusu padre kuwaombea baraka fupi watu wawili wa jinsia moja wanaomwendea, bila liturujia, bila mavazi ya harusi, na isiambatane na sherehe yao ya kiserikali. Ufafanuzi wa Januari 2024 ukataja sekunde 10 hadi 15. Mwezi huohuo maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, wakasema baraka hizo hazifai katika bara hili. Anayesubiri kuona harusi ya namna hiyo pale Ndanda, kwenye abasia ya watawa Wakatoliki, atasubiri sana.

"Pride ilianzishwa na watu wanaolichukia kanisa."

Chanzo chake ni vurugu za Juni 1969, polisi walipovamia Stonewall, baa ya mashoga jijini New York. Maandamano ya kwanza yakafuata mwaka mmoja baadaye. Lakini mmoja wa walioandaa yale ya Los Angeles mwaka 1970 alikuwa mchungaji, Troy Perry, ambaye Oktoba 1968 alianzisha ibada sebuleni kwake na watu 12. Wakristo wa Marekani nao hawana kauli moja. Kanisa la Muungano wa Methodisti liliondoa makatazo yake juu ya mashoga mwaka 2024, baada ya sharika zaidi ya 7,000 kujitoa. Wabaptisti wa Kusini, muungano wa makanisa wa hukohuko Marekani, wanapinga mpaka leo.

"Upinde wa mvua sasa ni wao."

Bendera ilibuniwa na Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978. Mwanzo 9 ilikuwepo. Ukuta wa Shule ya Jumapili wenye picha ya safina hauna haja ya kupakwa chokaa.

"Kanisa likipinga, kazi yetu ni kuwatimua."

Hapa ndipo watu husoma nusu ya karatasi. Azimio la Lambeth la 1998, la mkutano wa maaskofu Waanglikana wa dunia nzima, ambalo wapinzani wa ndoa hizo hulishika kama ngao, linasema matendo hayo hayapatani na Maandiko. Azimio hilohilo linawataka waumini wawahudumie watu wote kichungaji na linalaani hofu isiyo na msingi dhidi ya mashoga. Katekisimu ya Katoliki, namba 2358, inataka wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, bila ubaguzi usio wa haki. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba mtu kuwa shoga si jinai, ingawa matendo aliyaita dhambi.

Nimeona mpiga kinanda akisengenywa kwa sababu ya sauti na mwendo wake, wala si kwa jambo lolote alilofanya. Wanakwaya wakataka avuliwe joho. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Huyu mtoto mmemkuta na nini?" Hakujibiwa, na joho likabaki mwilini. Ningependa kumsikia mama yule kwenye sinodi.

"Sheria inaturuhusu."

Sheria ya Kanuni za Adhabu, kifungu cha 154, yenye asili ya ukoloni wa Waingereza, inaadhibu tendo "kinyume cha maumbile" kwa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Inamhusu yeyote, hata mwanamume na mwanamke. Mwendo, sauti na nguo havimo. Jirani hakupewa ruhusa ya kumpiga mtu wala kumvunjia mlango. Hayo yenyewe ni makosa ya jinai.