Laurel na Hardy: nani hasa alikuwa kiongozi?
Watazamaji wengi wa filamu za Laurel na Hardy, wachekeshaji wawili wa zamani wa Hollywood, huamini kwamba Oliver Hardy, yule mnene anayetoa amri, ndiye aliyewaongoza wawili hao, na Stan Laurel alifuata tu. Kwenye filamu ni kweli. Studioni mambo yalikuwa kinyume kabisa. Laurel, Mwingereza aliyezaliwa Ulverston mwaka 1890, ndiye aliyebuni vichekesho vingi, akakaa na wahariri wa filamu baada ya kurekodi, na alilipwa zaidi. Hardy, mzaliwa wa Georgia, Marekani, aliridhika na mpango huo. Kazi ikiisha alikwenda kucheza gofu. Kwa maoni yangu, kuaminiana huko ndiko kunakofanya filamu zao zichekeshe hadi leo. Hardy alipofariki mwaka 1957, Laurel alikataa kuigiza tena, lakini aliendelea kuandika vichekesho vya watu wawili.