Maelezo ya zana kwa wakala wa akili unde ni nini?

Programu ya kukagua kama biashara inafuata sheria huja na maelezo ya matumizi, na kwa miaka mingi yaliandikwa kwa ajili ya mtu: picha za skrini, mishale myekundu, "bonyeza hapa". Siku hizi anayeyasoma huenda akawa wakala wa akili unde, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli ya lugha, inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida kisha ikaamua yenyewe itumie zana ipi, yaani programu nyingine ya kuifanyia kazi fulani, na ianze wapi. Wakala anayeita zana namna hii hahangaiki na vitufe. Husoma maandishi: jina la zana, sentensi chache za kueleza kazi yake, na orodha ya vitu inavyotaka kupewa. Hayo ndiyo maelezo ya zana. Novemba 2024 Anthropic, kampuni ya akili unde, walitoa itifaki ya MCP (Model Context Protocol), inayoweka utaratibu wa pamoja wa kuyapanga, ila maneno yenyewe bado ni ya kuandikwa na mwenye zana.

Tuchukue nyumba ya wageni ya Malindi yenye wafanyakazi sita, mapato yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mwenye nyumba anamwambia wakala: "Hebu niangalizie kama tunatakiwa kujisajili kwa mambo ya data." Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na kanuni za usajili za 2021 zinamsamehe kujisajili kwa Kamishna wa Data mtu mwenye mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi. Ukiishia hapo, nyumba hii imesalimika. Lakini kanuni hizohizo zina jedwali la shughuli zisizopata msamaha hata ziwe ndogo vipi, na biashara ya hoteli na malazi imo. (Waongoza watalii wametolewa kwenye kipengele hicho, kwa hiyo kijana anayewatembeza Waitaliano magofu ya Gede ana hesabu yake.)

Zana inayopima ukubwa wa biashara peke yake itajibu "si lazima kusajiliwa". Haijaharibika, imepima ilichotengenezewa kupima. Tatizo ni maelezo yaliyosema "hukagua wajibu wa kusajiliwa" na kunyamaza. Yalitakiwa kusema hivi: hulinganisha mapato na idadi ya wafanyakazi, haiangalii aina ya biashara, jibu lake pekee halitoshi kumwambia mtu asijisajili.

Kwangu mimi, hilo neno "haiangalii" lina thamani kuliko sifa zote za zana zikiwekwa pamoja, na ndilo watengenezaji wanaloliruka, pengine kwa kuona linaishusha bidhaa yao. Karani wa mapokezi akikuta pengo kwenye maelezo atainua simu amuulize mwenzake. Wakala ana mazoea ya kuliziba pengo mwenyewe kwa jambo linaloelekea kuwa kweli, tena kwa lugha iliyonyooka hata usishuku.

Majibu ya zana nayo yaelezwe. Ukiweka mawili tu, sawa na si sawa, umejitafutia balaa, kwa sababu ukaguzi unahitaji la tatu: sikuweza kuangalia. Fomu ya wageni imepigwa picha kwa simu, picha imefifia, zana imeshindwa kuisoma. Ikirudisha orodha tupu ya makosa, wakala atamwambia mwenye nyumba kwamba kila kitu kiko safi. Na pale jibu ni si sawa, litaje mahali hasa: "safu ya majina ya watoto, data nyeti". Sheria ya Kenya inahesabu majina ya watoto, ya wazazi na ya mume au mke kuwa data nyeti, pamoja na afya na imani, kwa hiyo fomu inayouliza majina hayo kwa ajili ya kitanda cha ziada imeshaingia humo.

Halafu kuna saa. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data hiyo, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kujua. Karani ameandika "tuligundua Ijumaa saa mbili usiku". Wakala anaweza kuipa zana 02:00 badala ya 20:00, na makataa yote yakapinda kwa saa 18. Maelezo yatamke kwamba muda uandikwe kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, na yaweke mfano mmoja uliojazwa. Mfano huo utafanya kazi kuliko aya nzima ya maagizo.

Urefu una gharama: maelezo ya zana huingia kwenye nafasi ya kusomea ya modeli pamoja na swali, na zana zikiwa nyingi nafasi hiyo hubana.

Ikiwa zana inaweza kutuma taarifa kwa Kamishna, mbali na kusoma na kukagua, hilo litajwe waziwazi, na ruhusa ya kutuma ifungwe kwenye mfumo wenyewe. Maneno hayamzuii wakala. Tena maelezo ya zana ya mtu mwingine yanaweza kufichwa amri ndani yake, mathalani kwamba nakala za pasipoti zitumwe kwanza mahali fulani, na wakala akaitii kana kwamba imetoka kwa bosi wake. Yasome kabla ya kuiunganisha.

Kuyajaribu si kazi kubwa. Mpe wakala maswali kama watu wanavyoyauliza, "tuko sawa na hii fomu?", uone ataita zana gani na ataipa nini. Changanya na moja lisiloihusu kabisa, kwa mfano leseni ya baa inaisha lini. Akiita zana ya data kulijibu hilo, rudi kwenye sentensi ya kwanza ya maelezo uiandike upya.