Iliyoshuka ni P/E, si Bei

Nimeletewa tena grafu ileile: P/E ya benki, yaani bei ya hisa ikigawanywa kwa faida ya kila hisa, kwa miaka mitano, mstari wa wastani katikati, na mshale pale uwiano ulipozama chini ya wastani. Swali nalijua kabla halijaulizwa: "Si imekuwa rahisi sasa, ninunue?"

Jamani, iliyoshuka ni P/E. Bei ni habari nyingine.

Chukua JPMorgan Chase, benki ya Marekani. Mwisho wa 2020 hisa yake ilikuwa takriban dola 127 na faida kwa kila hisa dola 8.88, yaani P/E ya 14 na ushee. Mwaka mmoja baadaye hisa imefika dola 158, lakini faida imeruka hadi dola 15.36, na P/E imeteremka hadi 10. Hisa imepanda kwa karibu robo nzima, na bado mtu ananionyesha mshale wa "rahisi".

Faida iliruka kwa nini? Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu jibu liko wazi kwenye taarifa ya mapato na watu hawaifungui. Mwaka 2020, korona ilipoingia, benki hiyo ilitenga dola bilioni 17.5 kufidia mikopo ambayo huenda isingelipwa. Hasara haikufikia kiasi kilichohofiwa. Mwaka 2021 mstari huohuo wa taarifa ya mapato uligeuka, ukaongeza faida ya kabla ya kodi kwa dola bilioni 9.3. Fedha hizo hazikuletwa na mteja mpya hata mmoja. Ni hofu ya mwaka uliotangulia iliyofutwa vitabuni.

Kiwanda hujua kimeuza mifuko mingapi ya saruji. Benki imekabidhi fedha ambazo bado hazijarudi, na faida yake ya leo imebeba makadirio ya nani atalipa kesho. Chini ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iliyoanza kutumika 2018 (Marekani ina yake inayofanana), hasara huanza kuhesabiwa hata kabla mkopaji hajakosa rejesho. Ndiyo maana P/E ya benki mara nyingi huonekana kubwa mambo yakiwa mabaya, na ndogo yakiwa mazuri.

Mwisho wa 2022 faida kwa hisa ilikuwa dola 12.09, bei dola 134, P/E 11. Aliyenunua kwa P/E ya 10, mwisho wa 2021, alikuwa chini kwa asilimia 15 kabla ya gawio.

Mimi hugawa bei kwa wastani wa faida ya miaka saba. Kwa nini saba na si kumi? Sina hoja nzito, ila saba mara nyingi hubeba angalau mwaka mmoja mbaya. Benki ikiwa imeungana na nyingine katikati ya kipindi hicho, hata wastani huo siuamini. Hapo huangalia bei dhidi ya mtaji wa wanahisa.

Na ule mstari wa wastani kwenye grafu? Mwaka wa hasara hauna P/E yenye maana, kwa hiyo aghalabu huachwa nje ya hesabu. Wastani mnaolinganisha nao umekokotolewa bila miaka mibaya kuliko yote.