Mimea inavyozuia matuta ya mchanga yasihame

Anayelitazama tuta la mchanga jangwani huliona limetulia, lakini akipigilia kigingi mbele yake na kurudi baada ya mwaka, huenda akakuta kimefukiwa. Tuta la umbo la mwezi mwandamo, ambalo pembe zake huelekea upepo uendako, laweza kuhama zaidi ya mita 10 kwa mwaka, na dogo hulitangulia kubwa kwa kuwa lina mchanga mchache wa kusogeza.

Chembe za matuta hayo kwa kawaida zina kipenyo cha robo milimita hivi: ni nzito mno kuelea kama vumbi, ila si nzito kiasi cha kuukaidi upepo. Upepo ukifikia mita 5 au 6 kwa sekunde, chembe kavu huanza kurukaruka, na kila inayoanguka huzigonga nyingine nazo zikaruka. Mchanga hupanda hivyo upande wa joshini, yaani unaopigwa na upepo, kisha hubwagika upande wa demani, kama mabaharia wanavyouita upande usiofikiwa na upepo. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1941, alionyesha kwamba mchanga unaobebwa huongezeka kwa mchemraba wa nguvu ya upepo inayokwaruza ardhi. Nguvu hiyo ikipimwa kama kasi na kuongezeka mara mbili, mchanga huongezeka takriban mara nane.

Kanuni hiyo inatulazimisha kurekebisha dhana iliyozoeleka kwamba mizizi ndiyo inayoushika mchanga. Mizizi ina sehemu yake, lakini kazi ya kwanza hufanywa na mashina na majani, kwa sababu kuupunguza upepo kidogo tu ni kuupunguza mchanga sana. Ushahidi ninaoupenda zaidi hauna mzizi hata mmoja: huko Shapotou, ukingoni mwa jangwa la Tengger nchini China, reli ya Baotou hadi Lanzhou, iliyokamilika mwaka 1958, ililindwa kwa mabua makavu yaliyochomekwa mchangani kwa miraba ya takriban mita 1 kila upande. Mchanga ulipotulia ndipo vichaka vilipopandwa ndani ya miraba hiyo.

Mmea unaoishi tutani hukabiliwa na hatari mbili zinazopingana, yaani kufukiwa na kufukuliwa. Spishi zinazofaulu huchipua mizizi mipya kwenye shina lililofukiwa na kukua pamoja na tuta. Katika jangwa la Namib, nyasi iitwayo Stipagrostis sabulicola hata hunywa maji ya ukungu. Kwa hiyo mtafiti hatosheki kuhesabu mimea. Huweka vipima upepo katika vimo mbalimbali, hutega mitego ya mchanga, hufukua mizizi, na hupima unyevu kwa kina.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichofichua gharama ya mafanikio ya Shapotou. Mchanga uliotulia ulifunikwa na gamba jembamba la sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea), ambalo huufanya uwe mgumu kupeperuka, lakini pia huzuia sehemu ya mvua haba isizame. Unyevu wa chini ukapungua, na vichaka vyenye mizizi mirefu vikaanza kupungua, huku mimea midogo inayotegemea maji ya juujuu ikishika nafasi yao.