Si Kila Kikohozi Baada ya TB ni TB

Baba alimaliza dozi ya TB miaka kadhaa iliyopita, akapona. Sasa anakohoa tena na makohozi ni mengi. Imerudi?

Huenda imerudi, na ndiyo ya kupimwa kwanza. Ila TB huacha makovu na mirija ya hewa iliyopanuka. Makohozi hutuama humo, na bakteria ambao pafu lenye afya lingewafukuza hupata makao. Aliyechakazwa na sigara au moshi wa kuni naye yumo hatarini.

Ni bakteria gani hao?

Wapo sudomonasi, ambao amoksilini haiwagusi. Wapo nokadia wa udongoni, wanaovutwa pamoja na vumbi. Anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi inayopunguza kinga ya mwili) kwa muda mrefu awaogope zaidi, maana wanaweza kutoka mapafuni wakafika ubongoni. Na wapo binamu wa vimelea vya TB, mikobakteria wanaoishi kwenye maji na udongo.

Hawa binamu ndio wanaonitia wasiwasi. Kikohozi ni kilekile, kukonda kulekule, hata mashimo kwenye eksirei yanafanana. Chini ya hadubini huwezi kuwatofautisha na TB. Mgonjwa anaanzishwa dawa upya, miezi inapita bila nafuu, kisha anadhaniwa ana TB sugu. Inauma, kwa sababu dalili ilikuwepo: hadubini imeona vimelea, GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, imesema hakuna TB. Majibu yakigongana hivyo, msikubali yaishie hapo. Ombeni vimelea vya kwenye makohozi vioteshwe maabara, hata kama majibu yatachukua wiki 6. Mkiwa Moshi, muulizeni daktari kuhusu rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, au hospitali ya Kibong'oto kule Siha, inayohudumia wagonjwa wa TB tangu miaka ya 1920.

Atawaambukiza wajukuu?

Nokadia na hawa mikobakteria kwa kawaida hawatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Lakini kabla ya majibu, mchukulieni kama mwenye TB: madirisha wazi, barakoa usoni.

Anatibika?

Ndiyo, kwa subira. Nokadia mara nyingi hutibiwa kwa kotrimoksazoli, miezi 6 au zaidi. Kwa mikobakteria, daktari hutaka kwanza wajitokeze kwenye makohozi zaidi ya mara moja, kwa kuwa wamo hata kwenye maji ya bomba. Wakithibitishwa, dawa huwa tatu au zaidi, na kwa kawaida huendelea mwaka mzima baada ya makohozi kuwa safi. Azithromaisini mara nyingi ndiyo mhimili wake, kwa hiyo nawasihi msimnunulie dukani aimeze peke yake: bakteria wakiizoea, kumtibu kutakuwa kugumu sana.