Kujifunza pikipiki ukiwa umevuka miaka 50: kwa nini tunawarudisha uwanjani

Miezi hii tunapokea malalamiko mengi kutoka kwa watu wazima, hasa waliovuka miaka 50, wanaojifunza pikipiki kwa mara ya kwanza. Wanasema mtihani unawabagua wazee, eti koni tunaziweka karibu karibu makusudi ili washindwe. Mimi ni mtahini, hizo koni nazipanga mwenyewe asubuhi kwa futikamba, na nafasi ni ile ile kwa kijana wa miaka 20 na kwa mama wa miaka 65. Hilo naomba tulimalize hapa.

Kinachowaangusha wengi sio umri, ni gari. Mtu ameendesha gari miaka 30, sheria anazijua, alama anazijua, sasa akija kwenye pikipiki anaona anaongezea kitu kidogo tu, kwahiyo anaruka yale mazoezi ya mwendo wa pole ambayo anayaona ya kitoto na anataka siku ya tatu awe barabarani.

Kuna mzee mmoja wa miaka 61 tulimtahini, nitamtaja kwa hilo tu. Aliondoka vizuri gia ya kwanza, akaingia kwenye nane, ile njia ya koni yenye umbo la namba 8, kona ya pili akaiona koni akaikazia macho, na pikipiki inaenda unakoangalia, ikaanza kuifuata koni, akashtuka akabana breki ya mbele yote kwa mpigo huku usukani umekata kushoto. Hapo pikipiki haisimami, inalala. Akatoa mguu kuizuia, chuma cha kilo zaidi ya 100 kikamlalia kwenye kifundo, na alikuwa amevaa kandambili. Tulipomwinua akaniuliza, "Mwanangu, breki si ndio ya kusimamia?" Ndiyo baba, ila usukani ukiwa umenyooka. Ukiwa kwenye kona ya pole unatumia nusu klachi, mafuta kidogo yasiyopandapanda, breki ya nyuma unaigusa tu, na kichwa unakigeuza kule unakotaka kutokea, sio kwenye koni wala kwenye tairi la mbele. Ni hayo tu, lakini mwili hauyajui mpaka uyarudie. Nusu saa kila siku kwa wiki mbili kwenye uwanja mtupu ndio nawashauri, na mtu mzima asione aibu kuongeza ya tatu.

Na msiiogope breki ya mbele sasa kwa sababu ya huyo mzee. Ukiwa unaenda moja kwa moja ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, maana ukifunga breki uzito unahamia mbele, cha muhimu unaiminya taratibu ukiongeza kama unakamua ndimu, huinyakui. Kwenye kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kwahiyo ukishtuka sekunde moja bila kugusa kitu zimeshapita mita 17. Kama pikipiki unayonunua ina ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisifunge ukibana breki kwa nguvu, ni bora zaidi, Umoja wa Ulaya waliifanya lazima kwa modeli mpya za pikipiki za injini ya zaidi ya cc 125 tangu 2016.

Mwili nao tuuseme wazi. Jicho la mtu wa miaka 60 linapitisha kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20, ndio maana taa za anayekuja mbele zinakuumiza na shimo hulioni, basi miezi ya mwanzo acha kabisa usiku. Miwani yenye lenzi ya kusomea chini inakuvuruga ukiangalia ardhi kwenye mwendo wa pole, mwambie daktari wa macho kwamba unaendesha pikipiki. Shingo kama haigeuki vizuri saiti mira peke yake haikutoshi. Dawa za presha, za mafua au za mzio, muulize aliyekuandikia kama zinaleta usingizi au kizunguzungu. Na chagua pikipiki ambayo miguu yote miwili inafika chini ukiwa umekaa, achana na ile anayoisifia kijana wako.

Nikifika kwa kijana wako, hii ya "mwanangu atanifundisha" naisikia kila wiki na inanichosha. Utafiti wa Hurt, mtafiti wa Marekani, uliotolewa 1981 na kuchunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki Los Angeles, ulikuta asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Ni wa zamani, na enzi zile wengi hawakupita darasani, lakini kuna jingine mle ambalo tunaliona mpaka leo: ajali za pikipiki na gari, karibu theluthi mbili kosa lilikuwa la mwenye gari aliyeingia kwenye njia ya pikipiki. Hakukuona. Mkufunzi atakufundisha kufika njiapanda vidole viko tayari kwenye breki, mwanao atakufundisha kubadili gia.

Helmeti ivaliwe na kamba ifungwe, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Ikishagonga chini kwa nguvu inabadilishwa hata kama haina ufa.

Sasa taratibu, maana hapa ndio watu wanajiharibia. Sehemu nyingi leseni ya gari haikuruhusu pikipiki, angalia daraja lililoandikwa kwenye leseni yako usiulize jirani. Unaanza na fomu, kipimo cha macho, mtihani wa nadharia, kisha kibali cha kujifunzia, na kibali sio leseni: kibao cha L kikae mbele na nyuma kinapotakiwa, abiria hapana, hata mkeo, hata mpaka dukani tu. Ukikamatwa bila leseni ya daraja husika unaweza kupigwa faini, kufikishwa mahakamani, pikipiki ikazuiliwa na ombi lako la leseni likasogezwa mbele, na aliyekuazima naye anaweza kushtakiwa kwa kukuruhusu. Bima inaweza kukataa kulipa, na huyo uliyemgonga atakudai wewe mwenyewe. Kiwango cha adhabu kinategemea sheria ya mahali ulipo, maelezo yangu hayachukui nafasi ya sheria, thibitisha ofisini kwa maandishi.

Ukifeli uwanjani unapewa fomu yenye kosa lililoandikwa. Isome. Watu wanaikunja wanatia mfukoni halafu wanakuja kurudia kosa lile lile.

Yule mzee alirudi baada ya wiki tatu, na buti zinazofunika kifundo. Alizunguka nane mara mbili, kidevu kimegeukia bega, koni hakuziangalia hata moja. Nikamsainia ya uwanjani. Mtihani wa barabarani unaombwa peke yake, kwa tarehe nyingine, na aje na fomu hiyo hiyo na kibali ambacho hakijaisha muda.