Je, wajua? Kompresheni ya 11.3 inaweza kudumu sawa na ya 10.3

Injini ya Toyota 4A-GE ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa na kompresheni (mara ngapi hewa ndani ya silinda inashindiliwa kuwa ndogo) ya 9.4 kwa 1. Kufikia 1989 ilipandishwa hadi 10.3, na ile ya vali 20 yenye mfuniko mweusi, ya mwaka 1995, ikafika 11. Ziliendelea kusifiwa kwa uimara. Kwa nini basi injini hiyohiyo, ikipandishwa kompresheni karakanani kwa ajili ya mbio, mara nyingi huvunja pistoni mapema?

Mara nyingi ni kwa sababu fundi alifuata namba ya kwenye karatasi akasahau kemshafti, yaani shafti inayofungua na kufunga vali.

Silinda ya 4A-GE ina kipenyo cha mm 81 na pistoni husafiri mm 77, hivyo kila silinda ina cc 396.8. Kwa kompresheni ya 10.3, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni cc 42.7. Hesabu ni rahisi: jumlisha ujazo wa silinda na nafasi hiyo, kisha gawa kwa nafasi hiyo. Lakini hesabu hii inachukulia kwamba pistoni huanza kushindilia hewa tangu chini kabisa. Haianzi hapo. Vali ya inteki, inayoingiza hewa, huwa bado wazi, na hewa haishindiliwi mpaka vali ifunge.

Chukua kemshafti inayofunga inteki digrii 45 za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kupita chini kabisa. Kwa konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) ya mm 122, mwendo uliobaki wa kushindilia ni mm 68.8, na kompresheni halisi ni 9.3. Weka kemshafti ya mbio inayofunga digrii 60: mwendo unashuka hadi mm 62.4, na kompresheni halisi inakuwa 8.5. Ndiyo maana gari lililowekewa kemshafti kali pekee huwa zito kwenye mizunguko ya chini. Ukitaka kuirudisha 9.3, kompresheni ya karatasi lazima iwe 11.3 hivi. Hapo hujaongeza mzigo, umerudisha kilichopotea. Kama kemshafti ni ya kiwandani, kupanda kutoka 10.3 hadi 11.3 kutakupa karibu asilimia 3 tu ya ufanisi zaidi, huku ukiisogeza injini karibu na kunoki, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli kujilipua wenyewe. Kwa biashara hiyo, afadhali uache.

Kufika 11.3 kunahitaji nafasi ya juu iwe cc 38.5, yaani utoe cc 4.2. Pima kwanza, usikisie: paka grisi kuzunguka chemba ya hedi (nafasi ya kuchomea iliyo kwenye kifuniko cha juu cha injini), funika kwa kioo cha plastiki chenye tundu dogo, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano lenye vipimo na uandike cc zilizoingia. Fanya hivyo kwa chemba zote nne, kwani hazilingani. Kisha pima unene wa gasketi iliyokandamizwa kati ya hedi na bloku, na umbali wa pistoni kutoka uso wa bloku.

Tuseme gasketi ya zamani ni mm 1.2 na pistoni inabaki mm 0.2 chini ya uso wa bloku. Gasketi ya tabaka za chuma ya mm 0.8 inatoa cc 2.1. Kusaga bloku mm 0.2 kunatoa cc 1. Iliyobaki, cc 1.1, itatoka kwa kusaga hedi karibu mm 0.3, kwa kuwa mdomo wa chemba si mpana kama silinda yenyewe. Mpangilio huu una faida kubwa kuliko pistoni zenye kichwa kilichovimba: mwanya kati ya pistoni na ukingo bapa wa hedi umeshuka kutoka mm 1.4 hadi 0.8, na mwanya mwembamba hurusha mchanganyiko kuelekea plagi, moto ukaenda haraka na kona zikabaki baridi. Usishuke chini ya 0.8. Kwenye mizunguko mikubwa konrodi hunyooka kidogo na pistoni huyumba, itagonga hedi.

Gasketi za chuma hazisamehe uso mbaya. Hedi iliyopinda zaidi ya mm 0.05 itavuja, na alama za kisu cha mashine zikihisiwa kwa kucha, rudisha kazi.

Sasa vali zimesogea karibu mm 0.9 kwenye pistoni. Bandika plastisini juu ya pistoni, funga hedi na gasketi, zungusha kranki kwa mkono mara mbili, fungua, kata na upime. Inteki iwe na angalau mm 1.5, ekzosi, ya kutolea moshi, mm 2, kwa sababu ekzosi hurefuka kwa joto. Hedi ikishuka, mkanda wa taimingi nao huchelewesha kemshafti kwa digrii moja au mbili za kranki, hivyo puli za kurekebishika ni lazima.

Kinachoua injini hasa ni kunoki: mchanganyiko ulioko mbali na plagi unajilipua kabla moto haujaufikia, na mawimbi ya shinikizo huvunja sehemu ya pistoni inayoshika ringi ya juu. Kompresheni ikipanda moto huenda haraka, kwa hiyo anza na taimingi ya cheche za plagi iliyorudi nyuma digrii 3 kisha panda polepole. Kuwa mwangalifu zaidi pale injini inapotoa torki (nguvu ya kuzungusha) kubwa kabisa, maana kasi ya hewa hujaza silinda na faida ya vali kuchelewa kufunga inapungua. Mchanganyiko wa hewa kwa petroli kwenye mzigo kamili uwe 12.5 hadi 13 kwa 1. Plagi ziwe baridi hatua moja, yaani za aina inayotoa joto haraka zaidi. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa Bosch ni kinyume. Lainisha kingo zote kali ndani ya chemba. Usivumilie ringi au sili za vali zinazopitisha oili, kwani oili ndani ya chemba hushusha okteni ya petroli, yaani uwezo wake wa kuhimili kunoki.

Na tahadhari kwa wanaotengeneza magari Nairobi: pale hewa ina shinikizo dogo kwa karibu asilimia 18 kuliko usawa wa bahari. Injini iliyotulia huko inaweza kunoki Mombasa au Tanga kwa taimingi ileile, na joto la pwani huzidisha. Beba ramani ya pili ya taimingi.

Baada ya mwendo wa kwanza wa nguvu, zima injini na ufungue plagi. Vidoadoa vyeusi au vichembe vya alumini vinavyong'aa kwenye kauri ni pistoni inayoanza kuliwa: rudisha taimingi digrii 2 na uangalie joto la hewa inayoingia kabla ya kuwasha tena. Geji ya kompresheni itasoma chini kuliko ulivyotarajia kwa sababu ya kemshafti. Tafuta tu kama silinda zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10.